Kinywe cha Ruangwa na kano ya farasi

Kuanzia goti kushuka chini, mguu wa mbele wa farasi hauna msuli wa maana. Ni mfupa, kano na ngozi, basi. Misuli inayouendesha imekaa juu, karibu na kiwiliwili, na nguvu yake hufika kwatoni kwa kupitia kano ndefu zinazoshuka nyuma ya mguu. Farasi wa mbio ana uzito wa karibu kilo 500. Akikimbia kwa kasi yake yote, kuna nukta ambapo mguu mmoja wa mbele hubeba peke yake mzigo wa kama mara mbili na nusu ya uzito huo. Kano inavutika, inaweka akiba ya nguvu, kisha inajirudi na kumsukuma mbele. Hapo ndipo kasi yake inapotoka, na hapohapo ndipo anapolemaa.

Naandika haya nikiwa Mikindani, mji ambao farasi hajawahi kuwa mnyama wa kawaida. Kazi yangu ya udaktari wa mifugo ni mbuzi, kuku, na ng'ombe wa wafugaji waliohamia Lindi na huku kwetu. Farasi nilimsoma Sokoine, Morogoro, na tangu wakati huo sijaacha kufuatilia tafiti za miguu yake. Sababu ni moja: ni wanyama wachache sana ambao mguu wao umepimwa kwa undani kiasi hicho. Pesa za mbio ndizo zilizogharamia sehemu kubwa ya vipimo, lakini yaliyopatikana yanamhusu pia punda anayebeba madumu ya maji na maksai anayevuta jembe.

Kano ya juujuu nyuma ya mguu wa mbele hurefuka kwa zaidi ya asilimia 10 farasi anapokimbia kwa nguvu zote. Kiwango cha kukatika hakiko mbali na hapo. Maana yake mnyama huyu hukaribia mwisho wa uwezo wa mwili wake katika kila mbio, hata siku ambayo hakuna kilichoharibika. Halafu kuna joto. Kila kano inapovutika na kujirudi, sehemu ndogo ya nguvu hupotea kwa kugeuka joto. Mwaka 1994 Wilson na Goodship walipima katikati ya kano ya farasi aliyekuwa anakimbia, wakakuta joto linafika nyuzi 45 za Selsiasi. Ndani kule damu ni chache, hakuna cha kupoza. Hiyo inahesabiwa kuwa sababu mojawapo ya kano nyingi kuanza kuoza kiini ilhali nje ni nzima. Mwenye farasi anapoona uvimbe na kuchechemea, uharibifu umeshakuwapo kwa muda.

Ukitaka kuelewa kwa nini, lazima ushuke chini zaidi ya pale jicho linapofika. Kano imejengwa kama kamba ya katani: ukiifumua unakuta nyuzi, ukifumua nyuzi unakuta nyuzi nyingine, mpaka ufike kwenye molekuli ya kolajeni, protini inayojenga kano, yenye urefu wa nanomita 300 na unene wa nanomita 1.5 hivi. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Molekuli hizo zimepangwa kwa kupishana, na mpango wake hujirudia kila baada ya nanomita 67, bila kuchoka, kutoka msulini hadi kwatoni. Mfupa nao ni kolajeni hiyohiyo, ila katikati yake zimejaa fuwele za kalsiamu na fosfati zenye unene wa nanomita chache tu. Kano ikiumia na kupona, kolajeni mpya haijipangi vizuri kama ya zamani. Linabaki kovu, lisilovutika kama kano nzima, na farasi huumia tena palepale au jirani yake.

Niseme jambo moja hapa kwa sababu linanikera kila ninapolikuta. Kuchoma mguu wa mnyama kwa chuma cha moto ili "kano ikaze" si mila ya wafugaji wetu peke yao. Waingereza waliwafanyia farasi wao hivyo kwa karne nyingi, tena mikononi mwa madaktari wenye vyeti. Mwaka 1983 watafiti wa Bristol walitoa ripoti ndefu baada ya kulichunguza suala hilo: kuchoma hakukuharakisha kupona. Mnyama anapata maumivu mawili badala ya moja. Nimewaeleza hivyo wafugaji wengi, wengine wananisikiliza, wengine bado.

Sasa kinywe, yaani grafiti, madini meusi ya penseli na betri. Mtoto wa dada yangu anafanya kazi ya kuchukua sampuli za mawe huko Ruangwa, ambako chini ya ardhi kuna amana kubwa ya madini hayo. Amekuja likizo akiwa na kipande cheusi kinachong'aa, ukikishika kinateleza na kukuachia masizi vidoleni. Akaniuliza, "Mjomba, kila mtu anasema betri, betri. Hivi wewe daktari hiki kitu kingekusaidia nini?" Nilikuwa na jibu tayari, maana nimelisubiri swali hilo kwa muda mrefu.

Mawe ya Ruangwa ni sehemu ya mkanda mrefu wa miamba ya kale unaovuka Ruvuma na kuendelea hadi Balama, Msumbiji. Kaboni yake ilikuwa mabaki ya viumbe waliozikwa katika matope ya bahari, kisha matope yakakandamizwa na kupikwa wakati milima ilipokuwa ikijengwa, kama miaka milioni 600 iliyopita. Kilichotoka ni kaboni iliyojipanga kwa matabaka. Ndani ya tabaka moja atomi zimeshikana kwa pembe sita, kwa nguvu ya ajabu. Kati ya tabaka na tabaka mshikamano ni dhaifu, ndiyo maana penseli inaandika: unaposugua, matabaka yanateleza na kubaki kwenye karatasi. Kutoka tabaka moja hadi jingine ni nanomita 0.335. Katika unene wa milimita moja ya kinywe kuna matabaka kama milioni tatu.

Mwaka 2004, Manchester, Andre Geim na Konstantin Novoselov walionyesha kwamba tabaka moja linaweza kutengwa na kupimwa. Walitumia selotepu. Unabandika kinywe, unabandua, unakunja, unabandua tena, kila mara kinazidi kuwa chembamba. Kisha unakandamiza selotepu hiyo juu ya kibati cha silikoni chenye utando wa oksidi wa unene maalumu, na chini ya hadubini ya kawaida tabaka la atomi moja huonekana kwa tofauti ndogo ya rangi. Hilo la kibati ndilo ninaloliheshimu kuliko selotepu, kwa sababu bila hilo wangekuwa na kitu mkononi wasikione. Tabaka hilo linaitwa grafini, na mwaka 2010 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia kwa ajili yake. Mwaka 2014 kundi la Jonathan Coleman wa Trinity College, Dublin, likaeleza namna ya kutenganisha matabaka kwa wingi ndani ya maji, na likaonyesha kwamba hata blenda ya jikoni na sabuni ya kuoshea vyombo vinaweza kuifanya kazi hiyo.

Kundi hilohilo, mwaka 2016, lilichanganya grafini na udongo laini wa silikoni ya mpira (si ile ya kibati) ambao watoto wa Ulaya huuchezea. Grafini hupitisha umeme, silikoni haipitishi. Udongo ukivutika hata kidogo, vipande vya grafini vinaachana, umeme unapita kwa shida, na maltimita, kifaa cha kupimia umeme, inaona. Kipimo cha kawaida cha mvutiko, cha foili ya chuma, kikivutwa asilimia 1, ukinzani wake, yaani ugumu wa umeme kupita, hubadilika kwa asilimia 2 hivi: uwiano wa 2. Kwa mchanganyiko ule, uwiano ulizidi 500. Waliuweka juu ya ngozi ya mtu wakasoma mapigo ya moyo, na waliweza kusikia hatua za buibui mdogo.

Tulijaribu toleo la maskini mezani kwangu, na mtu yeyote anaweza kulifanya. Chukua penseli laini, 6B ni nzuri, 2B itakupa shida kidogo. Chora mstari mpana, mzito, kwenye karatasi ya manila, urudie mpaka ung'ae. Bana ncha mbili za mstari kwa waya za maltimita, weka kwenye omu, kipimo cha ukinzani. Pinda karatasi ili mstari uwe upande wa nje: ukinzani unapanda. Pinda upande wa pili, mstari ubanwe: unashuka. Mpwa wangu alipinda na kupindua mpaka chai ikapoa. Yeye hukishika kitu hicho kazini, lakini hakuwahi kukiona kikihisi.

Je, ndiyo nimfunge farasi utepe wa grafini mguuni nijue lini kano itaumia? Bado, na ni vizuri kusema kwa nini. Ngozi inateleza juu ya kano, kwa hiyo utepe unasoma mvutiko wa ngozi. Kuna manyoya, jasho, vumbi. Kinachofanya kazi leo viwanjani ni vifaa vya kupima mwendo mzima: watafiti wa Melbourne wamechambua hatua za farasi wa mbio na kuona kwamba urefu wa hatua na kasi huanza kupungua mbio kadhaa kabla ya jeraha kujitokeza. Mnyama anajua mapema, mwili wake unasema, na sisi tunakosa sikio tu.

Hilo linanirudisha kwenye historia ya mji huu. Mwaka 1866 David Livingstone alishuka hapa Mikindani na ngamia, nyati wa kufugwa kutoka India, baghala na punda. Alitaka kujua ni wanyama gani wangehimili mbung'o katika njia ya Ruvuma. Walikufa mmoja baada ya mwingine. Lakini katika shajara yake analalamika kwamba waliokabidhiwa wanyama hao waliwabebesha kupita kiasi, waliwapiga na kuwajeruhi, hata ikawa vigumu kusema kilichowaua ni mbung'o au ni mateso. Jaribio zima likaharibika kwa sababu mzigo na jeraha havikupimwa.

Mimi naletewa swali hilohilo. Maksai amedhoofika, anaburuta mguu. Kwa nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, nina hadubini na tone la damu, nusu saa nimepata jibu. Kwa mguu nina vidole vyangu, na vidole hugundua jeraha lililokomaa. Vitabu vya kilimo vinasema maksai anaweza kuvuta kwa muda mrefu nguvu ya karibu asilimia 10 ya uzito wake. Kwenye udongo mkavu kabla ya mvua, jembe likigonga kisiki cha mkorosho wa zamani, ni asilimia ngapi? Wafugaji niliowauliza hawajui, nami sijapima.

Kwa hiyo ngozi tumeiacha kwanza, tunaanza na mnyororo wa jembe. Fundi wa baiskeli ametukatia kipande cha chuma cha springi kinachopinda mnyororo ukivutwa. Juu yake tumebandika mstari wa penseli na kuufunika kwa selotepu, maana unyevu wa pwani unaubadilisha usomaji kila saa. Tunakilinganisha kwanza kwa kuning'iniza mifuko ya saruji ya kilo 50, mmoja, miwili, mitatu, tukiandika omu pembeni. Usomaji ukishakuwa thabiti tutakipeleka shambani kwa jirani mwenye jozi ya maksai, mapema asubuhi kabla jua halijapanda. Kama wewe ni mwalimu wa fizikia Mtwara au Lindi na una maltimita ya kidijitali inayohifadhi usomaji, tafadhali niandikie hapa chini. Hiyo ndiyo tuliyokwama kwayo kwa sasa.