Namna nilivyozituliza ngoma za tekno zisigombane

Nilipojifunza u-DJ, kulinganisha kasi ya ngoma mbili hakukunisumbua sana. Ngoma inayokuja unaisikiliza kwenye hedifoni, sikio la pili unaliachia spika. Kiki, yaani mapigo mazito ya chini, zikilia "du-dum" badala ya "dum" moja nene, ujue moja imetangulia. Unaisukuma kidogo, unagusa kitelezi cha spidi, unasikiliza tena mpaka zisihame. Lakini midundo inaweza kukaa sawasawa na bado watu wakakunja uso. Hapo kinachogomba ni ki, yaani kundi la noti ambalo wimbo umejengwa juu yake.

Nimekulia kwenye kwaya, kwa hiyo mambo ya ki niliyashika kwa doh-re-mi. Mwalimu akisema doh ni C, lah ni A, na wimbo wa A maina unatumia noti zile zile za C meja. Gurudumu la Camelot, mchoro wa ma-DJ unaoipa kila ki namba na herufi (A ni maina, B ni meja), linasema hivyo hivyo: C meja ni 8B, A maina ni 8A, zinakaa pamoja. Ukisogea hatua moja, 7A au 9A, noti sita kati ya saba hazibadiliki. Tekno nyingi ninayopiga ni maina, basi naishi upande wa A.

Kilichonifungua macho ni kwamba kitelezi cha spidi kinahamisha ki. Ukiongeza kasi bila kufunga ki (kitufe kinachozuia sauti isihame), sauti nayo inapanda, na nusu toni ni karibu asilimia 6. Chukua ngoma ya BPM 130, yaani midundo 130 kwa dakika, iliyo kwenye A maina, ipeleke 138. Sasa inalia B flati maina, yaani 3A, hata kama uliiandika 8A kwenye maktaba yako. Katikati ndiko kubaya zaidi. Kutoka 132 kwenda 136 ni asilimia 3, robo toni hivi: imeshatoka kwenye ki ya zamani na haijafika kwenye mpya.

Kufunga ki kunasaidia, ila ukivuta sana kiki inapoteza makali, na kwenye spika kubwa hilo linasikika. Mimi nimepanga maktaba kwa kasi kwanza, ki baadaye. Za 130 hadi 132 zina fungu lao, za 134 hadi 136 lao, na napanda taratibu ili ngoma yoyote isisogezwe zaidi ya asilimia moja au mbili. Tofauti ndogo hivyo sikio linaisamehe.

Programu ya kutambua ki siiamini peke yake. Ngoma nyingine ni kiki, hihati (mlio wa matoazi) na kelele tu, na programu inalazimisha jibu. Natafuta noti ya besi kwa kinanda cha kwenye simu. Nisipoipata naandika "haina ki". Hizo ni mali, kwani zinanivusha kutoka 8A hadi 3A bila mtu kushtuka.

Kuna jambo naliona lina uzito kuliko gurudumu lenyewe: besi mbili zisilie pamoja. Ngoma mpya inaingia besi ikiwa imekatwa, nahesabu midundo 64, ambayo kwa BPM 132 ni kama sekunde 29, kisha nabadilishana besi kwa mkupuo, pale pale sehemu mpya ya wimbo inapoanza. Ukichelewa mdundo mmoja wachezaji wanajua, hata wasipojua ni nini.

Kufuata namba usiku kucha nako kunachosha. Wakati mwingine naruka kutoka 8A hadi 10A, toni nzima juu, na ukumbi unaamka. Sharti melodi ya kwanza iwe imeshakwisha. Na nikitaka kuingia singeli natumia hesabu nyingine: tekno ya 140 na singeli ya 210, midundo miwili ya huku inakaa ndani ya mitatu ya kule. Nazipishanisha kwa hihati tu, kiki ya tekno naitoa kabla ya kuileta ya singeli.