Tulivyopiga kichupa cha slomo Tanga kwa simu, na midomo ikakaa kwenye wimbo

Tulitaka kumpigia dogo wangu mwimbaji kichupa, yaani video ya wimbo, cha slomo, kila kitu kiende taratibu, na ushauri wa kwanza tuliopewa ni kwamba bila kwenda Sauzi hakuna kichupa. Najua ulikotoka, kuna kipindi Bongo nzima iliamini hivyo maana chaneli za muziki za Channel O na MTV Base ndio zilikuwa mlango wa kutokea nje na picha hafifu hazikuwa zinapita, halafu Diamond akashuti video ya wimbo wake Number One kule Afrika Kusini 2013 na milango ikafunguka kweli. Sawa. Lakini dogo wangu ana wimbo mmoja mzuri na hela ya kula, hiyo Sauzi anaifikaje? Mwingine akasema tukodi drone na gari kali, wimbo wenyewe unahusu mvuvi!

Aliyetuumiza hasa ni shuta mmoja, mpiga video wa hapa mjini. Tulimpa advansi laki mbili na ushee, tukamwambia tunataka dogo aonekane anaimba kwenye mashua huku kila kitu kinaenda taratibu, maji, shati, tanga, kila kitu. Akasema hiyo ndogo, napiga kawaida halafu naipunguza spidi kwenye edit. Alipoleta kazi, neno limeshaisha kwenye wimbo mdomo bado uko wazi, yaani wimbo uko kiitikio cha pili dogo bado yuko beti ya kwanza. Tukamuuliza, akajibu watazamaji hawaangalii mdomo. Jamani, mtu akiimba unaangalia nini kingine?

Ndo nikaamua nijifunze hivi vitu vinafanywaje tangu mwanzo. Na nikakuta kufuatisha wimbo kwa mdomo, plebeki, kuna umri mkubwa kuliko MTV. MTV, ile chaneli ya video za muziki ya Marekani, imeanza Agosti 1981, lakini Marekani miaka ya 1940 tayari kulikuwa na filamu fupi zinaitwa Soundies, wimbo mmoja filamu moja, zinachezwa kwenye mashine ya Panoram imekaa baa, unatumbukiza senti 10 unaangalia. Ndani kuna mkanda mmoja wa filamu 8 na huchagui, inakuja inayofuata. Msanii alikuwa anarekodi sauti kwanza, halafu anasimama mbele ya kamera wimbo unapigwa na yeye anafuatisha. Hicho hicho tunachofanya leo. Bendi ya Queen ya Uingereza nao 1975, ile Bohemian Rhapsody, zile nyuso zinazojizidisha hazikutoka kwenye kompyuta, ni kioo cha kamera na ujanja wa palepale, na kazi iliisha ndani ya saa chache tu. Inaniuma kidogo kwamba sisi bara TV imekuja 1994 wakati Zanzibar walikuwa nayo ya rangi tangu 1973, ndio maana bendi nyingi za wazee wetu tunazijua kwa sauti tu. Waongoza video kina Adam Juma walivyokuja kutuwekea sura za wasanii wa Bongo Fleva kwenye TV, mi nawaheshimu sana kwa hilo.

Haya, ujanja wenyewe. Ukitaka mwimbaji aende taratibu na mdomo ukae kwenye wimbo, wakati wa kushuti unaupiga wimbo kwa spidi mara mbili, simu unaiweka fremu 60, yaani picha 60 kwa sekunde, halafu kwenye edit unaichezesha kwa fremu 30. Spidi ya picha inapungua nusu, mdomo unarudi kwenye spidi ya wimbo, ila maji na shati vinabaki taratibu. Hiyo sauti ya spidi unaitupa, unaweka wimbo halisi.

Kazi ilikuwa kumfundisha dogo kuimba kwa mbio hizo. Alikuwa anajaribu kutamka kila kitu na anachoka kabla kiitikio hakijaisha. Nikakaa naye mbele ya kioo tukaangalia mdomo wake, nikagundua herufi zinazoonekana ni chache. M, b na p lazima midomo igusane, f na v lazima meno yaguse mdomo, na vokali uzifungue vizuri. K, g, n, hizo zinafanyika ndani huko, hata ukizimeza hakuna anayejua. Tukachukua maneno ya wimbo tukazungushia duara herufi za midomo tu, akafanya mazoezi ya hizo, na hapo ndo ikakaa! Na macho pia, kope moja ikipunguzwa spidi mtu anaonekana anasinzia, kwa hiyo apepese wakati hayupo kwenye mstari. Beti zenye maneno mengi tulipiga kawaida, slomo ni kiitikio.

Tulishuti asubuhi pale Deep Sea, ufukwe wa wavuvi hapa Tanga, maji yamejaa, maana yakikupwa mashua inakaa kwenye tope. Omba ruhusa kwa wavuvi mapema, sisi tuliwanunulia chai na mihogo na wakatusaidia kuliko tulivyotegemea.

Spika usikae nayo ufukweni. Sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, mashua ikiwa mita 40 kutoka kwako dogo anausikia wimbo umechelewa, na ukishapunguza spidi unakuta mdomo uko nyuma fremu 7, jicho linaona kabisa. Sisi spika ilikaa miguuni kwake kwenye mashua, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Mwanzoni mwa wimbo niliweka milio minne mifupi ya pip, ya nne anapiga kofi juu ya kichwa, kwenye edit unalinganisha mikono inapogusana na pip. Kama simu yako inajibadilishia mwanga yenyewe, uufunge usibadilike kabla hujaanza, bahari inang'aa na uso utakuwa mweusi.

Gharama yote, mafuta ya boti, chai, shati la mtumba, haikufika hata nusu ya ile advansi.

Sasa hivi dogo anataka ngoma inayofuata iende kinyumenyume, kama bendi ya Coldplay 2002 kwenye video ya The Scientist, ambapo mwimbaji wao Chris Martin ilibidi ajifunze kuimba maneno yaliyogeuzwa. Nimeshamgeuzia kiitikio nikamtumia WhatsApp, anakisikiliza kwenye daladala.