Mizimu Isiyojua Kutisha

Mtajie mtu filamu ya Beetlejuice, atakachokumbuka kwanza ni Michael Keaton, anayemwigiza mzimu Beetlejuice: suti ya mistari myeusi na myeupe, nywele timtim, kuvu usoni na sauti ya kukwaruza. Ana haki. Keaton akiingia, wengine wote wanampisha. Lakini filamu nzima ni dakika 92, na yeye anaonekana kwa dakika zipatazo 17. Zilizobaki zimebebwa na Adam na Barbara Maitland, mume na mke waliokufa wakarudi kukaa kwenye nyumba yao, na hao ndio ninaotaka kuwasemea. Kila nikisoma mtu anasema wamepooza, eti wapo kujaza nafasi tu mpaka Keaton atokee, roho inaniuma. Upole wao ndio chanzo cha kicheko chote.

Waangalie kabla hawajafa. Adam na Barbara, wanaochezwa na Alec Baldwin na Geena Davis, wako likizo na hawana mpango wa kwenda popote. Likizo yao ni kuitengeneza nyumba. Zawadi wanazopeana ni karatasi ya kubandika ukutani na mafuta ya kung'arishia mbao, na wanazifurahia kweli. Kule darini Adam ana modeli ya mji wao mzima. Filamu inaanza na kamera ikipaa juu ya miti na mapaa, nawe unaamini kabisa kwamba unauona mji wenyewe, mpaka buibui mkubwa anapotambaa juu ya paa la nyumba. Hapo ndipo unapogundua kwamba umeshaingizwa kwenye modeli bila kujua mji wa kweli uliishia wapi. Mkono wa Adam unaingia, unambeba yule buibui taratibu, na kumtoa nje dirishani. Hamuui. Ndani ya dakika chache za mwanzo mwongozaji, Tim Burton, ameshatuambia huyu ni mtu wa namna gani, na mtu huyohuyo ndiye atakayetakiwa baadaye kutisha watu usiku.

Wanakufa upesi. Wakitoka dukani wanamkwepa mbwa kwenye daraja lenye paa, gari linavunja mbao za ukuta na kuning'inia juu ya mto, huku mbwa amesimama kwenye ubao unaolizuia lisianguke. Mbwa anajishukia zake, gari linatumbukia. Hatuonyeshwi zaidi ya hapo. Kinachofuata ni wao kuingia nyumbani wamelowa chapachapa, Barbara anasogea kuota moto, na vidole vyake vinawaka kama mishumaa bila yeye kusikia maumivu. Wanatazama kioo, hawamo. Mezani kuna kitabu ambacho hakikuwepo, mwongozo wa watu waliokufa karibuni, kimeandikwa kwa lugha ngumu kama maelekezo ya mashine. Adam akijaribu kutoka mlangoni, anaangukia kwenye dunia ya mchanga yenye joka kubwa la mistari linalokula mizimu. Kwa hiyo nyumba ndiyo kimbilio lao, na ndiyo kifungo chao. Wanakuja kuambiwa muda: miaka 125.

Halafu nyumba inauzwa.

Hapa ndipo filamu inaponishika, na nitasema kwa nini. Nyumba niliyokulia iliuzwa baada ya wazazi wangu kufariki. Walionunua walikuwa watu wema, walilipa walichoahidi, na haki yao ilikuwa kubadilisha chochote walichotaka. Ila siku moja nilipita nikaona mlango wa mbele, ambao mama aliupaka rangi ya buluu kwa mkono wake na kuurudia kila rangi ilipobanduka, umeegemezwa nje ukutani pamoja na mbao nyingine za kutupwa. Nilisimama pale muda mrefu. Sikuwa na la kumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyekosea.

Basi ninapowatazama Adam na Barbara wakiwa wamejibanza huku familia ya Deetz kutoka New York inaingiza vyombo, ninaelewa kila kitu kilichoandikwa kwenye nyuso zao. Mama wa nyumba, Delia, ni mchongaji wa sanamu za ajabuajabu zenye ncha kali. Anazunguka na mpambaji wake, Otho, wakiwa na makopo ya rangi ya kupuliza, wanaandika ukutani jina la rangi itakayopakwa chumba kwa chumba. Catherine O'Hara na Glenn Shadix wanaicheza sehemu hii kwa raha isiyo na chembe ya huruma: hawaichukii nyumba ya zamani, hawaioni tu. Wenye karatasi yao ya ukutani na mafuta yao ya mbao wamesimama palepale, nao hawaonekani.

Jaribio lao la kwanza la kutisha nimelitazama mara nyingi na bado linanichekesha. Barbara anajining'iniza ndani ya kabati la nguo na kujichana uso mpaka mifupa inaonekana. Amejitoa kweli kweli. Delia na Otho wanafungua kabati, wanatazama nguo, wanafunga. Adam naye amekatwa kichwa, na hakuna anayegeuka. Katika hadithi nyingi za nyumba yenye mizimu, aliye hai ndiye anayepiga kelele na asisikilizwe. Hapa aliyekufa ndiye anayehangaika, na walio hai wana shughuli nyingi mno. Wazo la mzimu kuzidiwa nguvu na wenyeji wapya si la Burton. Mwandishi Oscar Wilde aliliandika mwaka 1887 katika hadithi ya mzimu wa Canterville, ambapo familia ya Kimarekani inampa mzimu mafuta ya kulainisha minyororo yake kwa sababu inawapigia kelele usiku. Lakini mzimu wa Wilde ni muuaji mwenye uzoefu wa karne tatu. Adam na Barbara hawajawahi kumkosea mtu, hawana pa kuanzia, wanajifunzia kazi mle mle ndani.

Ndiyo maana Beetlejuice mwenyewe anapatikana. Yeye ni kibarua wa kufukuza walio hai, anajitangaza kwenye televisheni, unamwita kwa kutaja jina lake mara tatu. Ni mchafu, hana adabu kwa wanawake, na ana uwezo wote ambao Maitland hawana. Wakishamwona, wanajuta. Keaton aliachiwa abuni mwenyewe sehemu kubwa ya mhusika huyu, na inaonekana: ana kasi ya mtu asiyejua sentensi yake itaishia wapi. Ila nguvu zake zinachekesha kwa sababu kuna watu wawili waungwana mbele yake wanaotazamana kwa aibu. Mwondoe Barbara akikunja uso, na utabaki na mtu mmoja anayepayuka.

Sijataja ofisi ya wafu, na singependa kuipita haraka, maana sijaona kifo kikichorwa hivi mahali pengine. Adam anachora mlango ukutani kwa chaki, anabisha mara tatu, na nyuma yake kuna chumba cha kusubiria. Unachukua namba, unakaa kwenye foleni. Kila mmoja amekaa na kifo chake mwilini: msaidizi wa mwanamazingaombwe aliyekatwa vipande viwili, kiwiliwili huku na miguu kule, mtu mwenye kichwa kilichonyauka kikawa kidogo kama ngumi, na ndani zaidi, karani aliyekanyagwa na gari akawa bapa, anayepita akining'inia kwenye reli ya juu. Wanaofanya kazi humo ni watu waliojiua, na wamepewa utumishi wa ofisi usio na mwisho. Dada wa mapokezi, mwenye ngozi ya kijani na mkanda wa malkia wa urembo, anaonyesha vifundo vya mikono yake vilivyokatwa na kusema kwamba laiti angelijua, asingelifanya alichofanya. Hasemi kwa kilio. Anasema kama mtu anayejibu swali hilohilo kila siku, na ndiyo maana linachoma.

Mshughulikiaji wao ni Juno, mama mzee mwenye haraka anayechezwa na Sylvia Sidney. Anavuta sigara, moshi unatokea kwenye koo lake lililochanjwa. Anawakemea kama mkuu wa kitengo: someni kitabu, msimwite yule, rudini mkatishe watu. Huku wachezaji wa futiboli ya Kimarekani, timu nzima, wanamfuata wakimwita kocha kwa sababu bado hawajaelewa kwamba wamekufa. Kifo kimeondolewa ukuu wote, kikabaki fomu na foleni.

Vitu vyote hivi vimetengenezwa kwa mikono. Bajeti ilikuwa kama dola milioni 15, na sehemu ndogo tu iliingia kwenye mazingaombwe ya picha, lakini Burton hakutaka yaonekane ya kweli. Alitaka yafanane na filamu za bei rahisi alizozipenda utotoni. Joka la mchangani ni kikaragosi kinachosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja, na unaona kabisa kwamba linatembea kwa kushtukashtuka. Nyumba yenyewe, ile iliyosimama juu ya kilima, ni ganda lililojengwa kwa ajili ya kamera katika kijiji cha East Corinth, jimbo la Vermont. Vyumba vya ndani vilijengwa studio. Ve Neill, Steve LaPorte na Robert Short walipata tuzo ya Oscar kwa kazi ya kubadilisha sura za waigizaji. Mimi ningempa tuzo nyingine Bo Welch, aliyesanifu mandhari, kwa namna nyumba moja inavyogeuka mbele ya macho yetu kutoka mbao na maua hadi kuta baridi za kijivu, kisha ikarudi.

Chakula cha jioni kila mtu anakijua. Delia amealika wageni wa maana, anafungua mdomo azungumze, na kwa mzaha wa Maitland inatoka sauti ya Harry Belafonte akiimba Day-O. Mmoja baada ya mwingine wanainuka wakicheza, viuno havidhibitiki, macho yamejaa hofu, halafu kamba waliomo kwenye bakuli wanageuka mikono na kuwadaka nyuso. Wimbo wenyewe ni wa wapakiaji wa ndizi wa Jamaika, wanaosubiri karani ahesabu mzigo alfajiri ili waende nyumbani. Watu wanaotaka kwenda nyumbani! Sijui kama Burton aliliwazia hilo, ila linakaa mahali pake. Na matokeo ya juhudi zote ndiyo kichekesho kikubwa kuliko vyote: wageni hawakukimbia. Wamefurahi, wamepanda juu wakitaka kukutana na mizimu, na baba wa nyumba ameanza kupiga hesabu ya biashara.

Anayewaona kweli ni Lydia, binti wa familia, Winona Ryder mwenye nguo nyeusi na kamera. Wanamtokea wamejifunika mashuka waliyotoboa macho, wakilialia ukumbini. Anawapiga picha, kisha anagundua kwenye picha kwamba chini ya mashuka hakuna miguu. Na badala ya kukimbia, anawauliza maswali. Kuanzia hapo filamu inabadilika polepole. Barbara na Adam, ambao mapema tumewasikia wakisimangwa na dalali kwamba nyumba ni kubwa mno kwa watu wasio na mtoto, sasa wana mtoto wa kumwangalia. Lydia anapotamani kufa ili awe nao, Barbara ndiye anayemkataza, na Geena Davis analisema hilo bila kupaza sauti. Kwangu huo ndio uzito wa filamu nzima.

Na mwisho wake unanifurahisha kwa sababu hakuna anayehama. Lydia anarudi kutoka shule na alama nzuri ya hesabu, Adam na Barbara wanamkagua kama wazazi, baba yake anasoma chumbani kwake kwa utulivu, na zawadi ya kufaulu ni kuinuliwa hewani acheze wimbo wa Jump in the Line. Rangi za zamani zimerudi ukutani. Familia mbili, moja hai na moja mfu, zimegawana vyumba.

Nilikwenda kuitazama Beetlejuice Beetlejuice ya mwaka 2024 nikiwa na matumaini makubwa, na nilicheka sana. Keaton hajapoteza kitu, Catherine O'Hara ni bora zaidi kuliko mwanzo. Lakini Maitland hawamo. Wanatajwa kwa maneno machache, kwamba walipata upenyo wakaondoka, na hadithi inaendelea. Nilihisi nyumba imeachwa tupu. Beetlejuice anapata nafasi kubwa zaidi na watu wa kumtazama kwa aibu wamepungua, na nadhani ndiyo maana vichekesho vingi vya filamu ya pili nimeshavisahau, wakati vya kwanza naweza kukusimulia kimoja kimoja.

Kama hujawahi kuiona ile ya 1988, anza nayo. Kama unataka kuwaonyesha watoto, kaa nao. Kuna matusi, kuna danguro la wafu, na habari ya kujiua inatajwa zaidi ya mara moja. Lydia anaandika barua ya kuaga, na mtoto anayetazama anaweza kuwa na maswali. Simamisha filamu, myazungumze, kisha mwendelee hadi kwenye yale mazungumzo yake na Barbara darini.