Chombo cha maua kilichowaka kijani

Nimekata vioo vya madirisha miaka 23 hapa Bondeni, Nakuru, lakini kioo kilichoninyima usingizi mwezi huu hakina pembe hata moja.

Nilikinunua mnadani upande wa Njoro, vyombo vya nyumba ya zamani ya shamba vilipokuwa vikiuzwa. Watu waling'ang'ania friji na viti. Chombo hiki cha maua kilikuwa ndani ya katoni ya sufuria: rangi ya ndimu mbivu, urefu wa shubiri moja na nusu, maua meupe, majani yenye ukingo wa dhahabu. Dalali alianzia shilingi 1,000, nikakichukua kwa 1,800.

Sijafika stejini, bwana mmoja akanishika mkono. "Fundi, hiyo ni Gallé. Chukua elfu tano." Émile Gallé alikuwa bingwa wa vioo wa Nancy, Ufaransa, akafariki 1904. Kazi za karakana yake huwa na jina lake, na kwa muda baada ya kifo chake jina hilo liliongezewa nyota. Changu hakina jina wala nyota. Nilipomwambia hivyo, akasema anamjua mtu wa kulichonga. Nilipanda matatu nikamwacha pale. Kumbandika fundi kazi ambayo si yake ni kumwibia yule aliyeifanya.

Pitisha ukucha juu ya ua, utausikia mchoro umeinuka. Ni mchoro wa enameli, yaani kioo kilichosagwa kikawa unga, kikatiwa rangi ya madini, kobalti kwa buluu, bati kwa weupe, kikapakwa kwa brashi, kisha chombo kikarudishwa tanurini. Hapo ndipo ninapomvulia kofia aliyekitengeneza. Moto wake ulitakiwa uyeyushe ua bila kulegeza shingo. Ukizidi kidogo tu, chombo kizima kinainama.

Kitakoni kuna kishimo laini cha mviringo. Hapo ndipo fimbo ya chuma ilishika kioo kikiwa moto, mdomo ukitengenezwa, kisha kovu likasagwa. Mikwaruzo yake inakwenda kila upande, kama ya kitu kilichosukumwa mezani miaka na miaka. Ya msasa ingefuatana. Na pembeni kuna tarakimu nne za brashi. Karakana nyingi za Bohemia, Chechia ya leo, ziliandika namba ya mchoro chini namna hii.

Wako wanaosema kioo kisichoandikwa nchi kilikotoka lazima ni cha kabla ya 1891, kwa sababu ya sheria ya Marekani ya 1890. Lakini sheria ile ilihusu mizigo ya kuingia Marekani. Chombo kilichokuja Njoro kupitia Mombasa kingeitii kwa nini?

Lililonituliza ni taa ya kukagulia noti bandia, kwa dada wa M-Pesa jirani yangu. Tulikiweka chini ya ule mwanga wa zambarau kikawaka kijani kote.

"Fundi, hiki kina stima ndani?"

"Hapana, dada. Ni madini ya urani."

Nikamweleza kwamba Bohemia walikuwa wakitia urani kwenye kioo tangu miaka ya 1830, kwa ajili ya rangi hii hii ya ndimu. Hakujibu. Aliegesha mlango ili giza liongezeke, akaniomba nikigeuze polepole.