Nilivyotuliza akili kati ya Kigamboni na Kariakoo

Kila anayetoa ushauri wa kutuliza akili anadhani wote tuna sebule. Amka saa kumi alfajiri, tafuta mahali patulivu, fumba macho, sikiliza pumzi yako. Mahali patulivu! Mimi nimepanga chumba kimoja Kigamboni, ng'ambo ya mlango wa bandari ya Dar es Salaam, nyumba ya wapangaji wengi, korido moja, bomba moja la maji uani, na jirani ana jogoo asiyejua saa. Hiyo saa kumi kwetu ndoo zimeshaanza kugongana.

Na msidhani sikujaribu. Nilikuwa nimechoka. Siumwi, nimechoka tu: usingizi wa kuibia, wateja nawafokea (nauza vitenge Kariakoo), jioni nikipanda kivuko sikumbuki hata mchana nilikula nini. Shoga yangu akaniunganisha na mtu anayefundisha kwa WhatsApp. Nikatuma elfu thelathini na kidogo, nikaletewa rekodi ya sauti ya mvua na maagizo: mshumaa, udi, mkeka. Nikanunua vyote. Jumapili mchana nikafunga dirisha ili watoto wasichungulie, na joto la Januari mnalijua, nikawasha udi, nikaweka rekodi. Mvua ikaanza taratibu, ikakolea. Nikajihisi kweli natulia, mabega yanashuka. Ghafla mwili ukaruka wenyewe: nguo! Nilitoka mbio na khanga moja, nikaanua mashuka mawili na gauni la mtu, ndipo nikaona jua linawaka, hata wingu hakuna, na wenzangu waliokuwa wanasukana wamebaki wananitazama.

Kurudi ndani, moshi umejaa korido nzima na mama mwenye nyumba kasimama mlangoni kwangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Una wageni?"

"Hapana mama, niko peke yangu."

Akachungulia, akauona mshumaa na mkeka. Akapunguza sauti. "Kama kuna mtu kakufanyia kitu usinifiche. Mbagala kuna mzee mmoja, wala hachukui hela nyingi."

Nilihangaika naye kumweleza kwamba sina jini lolote. Sidhani kama aliamini, ila mwaka ule kodi hakunipandishia, kwa hiyo na mimi sikusisitiza sana.

Mwingine akaniambia nifumbe macho ndani ya daladala, huko huko njiani. Huyo bila shaka ana gari lake. Ukifumba macho kwenye daladala ya Mbagala jioni, ukija kufumbua huna simu. Hilo sikulijaribu hata mara moja.

Kilichonisaidia kimeletwa na meli. Pale kivukoni meli kubwa ikiwa inaingia au inatoka bandarini, kivuko husubiri ipite, maana mlango wa bandari ni mwembamba. Siku hiyo tumeshapakia, tumesimama, watu wananung'unika kwamba wanachelewa kazini, na simu yangu haina chaji. Nikawa sina la kufanya ila kutazama. Meli ikapita karibu sana. Chini ya tundu la mnyororo wa nanga kulikuwa na mchirizi wa kutu mpaka majini, na juu kabisa baharia mwenye ovaroli la rangi ya chungwa kaegemea chuma anakula kitu kwenye bakuli, hana habari na sisi. Kisha mawimbi yake yakatufikia, kivuko kikainuka kidogo, nikahisi magoti yangu yanakunjika yenyewe kunisimamisha. Yalikuwa yanafanya hivyo kila siku na mimi sina taarifa! Tulipofika ng'ambo nikagundua kwamba muda wote ule sikuwa nimewaza deni la mtu yeyote.

Tangu hapo safari yenyewe ndiyo darasa, na ada ni mia mbili ya kivuko. Geti likifunguliwa watu hukimbia kama kuna hela zinagawiwa mbele; mimi naacha wapite, naingia na wa mwisho, natafuta pa kusimama, simu mkobani, mkoba mbele. Kukaa sitaki tena, kwa sababu ya magoti. Nikishuka Feri sipandi gari, natembea mpaka dukani, nusu saa na ushee, inategemea jua. Hatua nne navuta pumzi, hatua sita naitoa. Isipokuwa mbele ya soko la samaki, pale ni kutoa tu mpaka upite.

Kelele sishindani nazo. Nachagua moja. Yule muuza kahawa anayegonganisha vikombe, kling kling, namfuata kwa masikio mpaka apotee barabarani, kisha nachukua nyingine: honi, kunguru wa juu ya kanisa la Azania Front, konda anayeita abiria wa Gongo la Mboto. Nikifika kwenye sanamu ya Askari, kasimama pale na bunduki yake tangu 1927, namalizia pumzi moja ndefu ndipo nivuke, na nikivuka macho ni kwa bodaboda, si kwa pumzi.

Yule mwalimu wa elfu thelathini nilipomsimulia akasema huko ni kutembea tu, si tafakuri. Nikamtumia habari za Thich Nhat Hanh, mtawa wa Vietnam aliyefariki Januari 2022 akiwa na miaka 95, aliyefundisha watu dunia nzima kutembea huku wanaoanisha pumzi na hatua. Mpaka leo kauchuna.

Raha yenyewe mimi naipata kwa vitenge. Kila siku lazima nipate kimoja kizuri njiani kabla ya Mnazi Mmoja, ndiyo sheria. Ukitafuta kitenge huwezi kutembea umeinamisha kichwa. Majuzi mbele yangu anakwenda mama mmoja na kitenge nilichomuuzia mwenyewe, cha ndege, fundi kakikata kinyume, ndege wote miguu juu. Nimecheka kimoyomoyo mpaka Mtaa wa Uhuru. Dukani mteja wa kwanza kanikuta bado natabasamu, akanunua doti mbili bila kubishana bei.

Masika ni shughuli nyingine. Tope la Kariakoo halina tafakuri, hapo napanda daladala bila aibu. Bomba la juu nalishika kwa vidole, silikamii, magoti nayalegeza, nasikiliza konda anavyotubana: "Rudi nyuma kule kweupe!" Kweupe hakuna, kuna kwapa la mtu, lakini akilisema kwa sauti nzuri gari zima linacheka.

Jambo ambalo hakuna aliyenishauri ni viatu. Nilianza na vile ninavyovaa dukani, soli ikaisha upesi. Siku hizi natembea na raba za mtumba, nzuri unapata kwa elfu kumi hivi ukiwahi asubuhi marobota yakifunguliwa, vile vingine vinakaa kwenye mfuko. Fundi wangu wa viatu amenuna, anasema namkosesha riziki.