Bango la macho nililolipiga cherehani

Wazazi wanaolia kwamba kazi za shule za siku hizi ni adhabu hawajanifikia mimi. Binti wa kaka yangu, gredi ya nne, aliambiwa atengeneze bango la kutunza macho. Mamake akamleta kwangu Majengo, Mombasa, eti shangazi ana mikono. Mikono ninayo, sikatai. Nimeshona mabuibui tangu huyo kaka yangu hajaoa.

Mashauri yalimiminika kabla manila, ile karatasi ngumu ya bango, haijanunuliwa. Mama mmoja wa darasa lao akasema twende saiba, kwenye kompyuta za kulipia, tukachapishe jicho, kazi iishe. Tukaletewa jicho la buluu, kope za rangi ya mahindi, maneno ya Kiingereza tele. Majengo hii nzima, nani ana jicho la buluu? Tukachora letu, jeusi, kubwa, na wanja juu.

Huo wanja ukaleta maneno. Bibi yake alitaka tuandike kwamba wanja unatia nuru machoni. Nikamwambia, "Mamangu, kwa urembo sawa, lakini mawe mengine ya wanja yana madini ya risasi, na hiyo ni sumu kwa mtoto." Akanuna. Nikamkumbusha ule ugonjwa wa macho mekundu uliotuzunguka Mombasa mwanzo wa 2024, watu wakatiana machoni hata maziwa ya mama, na macho yakazidi kuvimba. Hapo akalegea. Ikaandikwa: USITIE KITU MACHONI ILA CHA DAKTARI. Chini yake: OSHA MIKONO. TAULO YAKO NI YAKO.

Sasa maandishi. Kila mtu alitaka bango lijazwe hadi pembeni. Bango la macho linaloumiza macho, jamani! Mimi nilipovuka arobaini uzi ulianza kuikataa sindano, nikaenda kupimwa miwani, na yule mpimaji alinieleza ile chati ya herufi. Aliibuni daktari Mholanzi, Snellen, mwaka 1862. Ukikaa mita 6 kutoka kwenye chati, herufi za ule mstari ambao jicho lenye afya husoma zina urefu wa milimita 9 hivi, na hapo jicho linajitahidi, halistarehe. Basi mtoto wa dawati la nyuma umwandikie kwa kalamu ya wino? Nikakata herufi za sentimita 5 kutoka mabaki ya buibui, nyeusi juu ya manila nyeupe. Mtoto alitaka za manjano. Nilimsimamisha mlangoni asome moja ya manjano, akakodoa, akanyamaza.

Ikabaki kubandika. Jirani yangu, mwenye jibu la kila kitu, akasema gundi ya dukani ya nini, pika ya unga wa ngano. Ilikuwa masika, hata nguo hazikauki. Nikapika uji, tukapaka, tukalala. Asubuhi sisimizi wamepanga foleni kutoka dirishani, mende wametafuna usiku kucha, manila imejikunja mawimbi kama bahari ya Likoni. OSHA MIKONO imebaki OSHA MI. Lile O la TAULO nililikuta chini ya kitanda, wallahi, na sijui lilitembezwa na nani. Mtoto akaanza kulia. Jirani akaja, akatazama, akasema, "Ungetia chumvi."

Sikumjibu. Nikachukua manila mpya (hazifiki hata mia) nikaiweka chini ya cherehani. Karatasi inashoneka, ila mshono uwe mrefu kabisa. Ukiwa mfupi sindano inatoboa mstari na herufi inachomoka nzima. Nyuma nikaweka kile kitambaa kigumu cha kola. Kwenye kona za S, gurudumu unazungusha kwa mkono. Na usirudi nyuma kufunga mshono, vuta nyuzi ufunge fundo kwa mkono. Haikubanduka herufi hata moja.

Vyakula vya kutunza macho alikata mtoto mwenyewe kwenye leso kuukuu. Lile pambo la korosho lililochorwa kwenye leso ukiligeuza ni embe, huwezi kubisha! Mchicha na papai tukapata kwenye vipande vya kijani na machungwa. Karoti aliikataa, akasema kila mtu ataweka karoti, na vitamini A haiko kwenye karoti peke yake. Akili ya shangazi yake.

Lakini utamu uko kwenye kope. Nilishona kope ya leso juu ya lile jicho, imeshikwa upande wa juu tu. Ukiinua, ndani: KILA DAKIKA 20 TAZAMA MBALI MITA 6, SEKUNDE 20. Hiyo ni ya watoto wa simu, na ya mafundi cherehani pia.

Jioni nikalitundika ukutani, nikawaomba wazee wa kahawa wasome kutoka barazani kwao. Walisoma kwa sauti hadi wapita njia wakasimama. Mmoja tu alisema maandishi yangu hayaonekani. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, kesho nenda ukapimwe."

Shuleni mwalimu ameliweka ofisini, na watoto wanapanga mstari kuinua kope. Sasa yule mama wa jicho la buluu amenipigia simu, wa kwake amepewa bango la meno. Nitamshonea, ila manila aje nayo, na ya mkono wangu tutaelewana.