Kumbukumbu ya mradi: albamu ya anga, kipande cha pulsa na cha miezi ya Mshtarii

Kipande cha pulsa, yaani nyota iliyokufa inayozunguka na kututumia mapigo ya redio, kimekamilika. Kasi ya mdundo wake imetoka kwa PSR B1919+21, pulsa ya kwanza kugunduliwa, iliyonaswa na Jocelyn Bell mwaka 1967. Hupiga kila sekunde 1.337, sawa na mapigo 44.87 kwa dakika. Kwenye programu ya muziki nimeweka maradufu yake, 89.73, ili pulsa iangukie kila pigo la pili. Usiikaze hadi 90 kwa kutaka namba nzima: ndani ya dakika 5 mdundo wako na ishara halisi ya pulsa vitakuwa vimeachana kwa karibu sekunde 0.9, na masikio hayakosi kusikia.

Chini yake inanguruma pulsa ya Nebula ya Kaa, wingu la mabaki ya nyota iliyolipuka. Hii huzunguka karibu mara 30 kwa sekunde, kwa hiyo haisikiki tena kama mdundo bali kama sauti nzito, chini kidogo ya noti B ya 30.87 Hz (mitetemo kwa sekunde). Spika ndogo haziitoi kabisa. Nimeipitisha kwenye distoshani hafifu (kuikwaruza sauti kidogo) ili ijitokeze pia kwenye 60 na 90 Hz. Sikio likisikia hizo, hujaza lenyewe ile 30 inayokosekana.

Kazi kubwa ilikuwa miezi ya Mshtarii. Io huzunguka sayari kwa siku 1.77, Europa 3.55, Ganymede 7.15, takribani 1 kwa 2 kwa 4. Basi lupu tatu, yaani vipande vinavyojirudia: mapigo 8, 16 na 32. Ukizianzisha zote kwa pamoja, kila baada ya mapigo 32 noti za kwanza zinarundikana na kompresa (kifaa kinachopunguza sauti zinazozidi) inabana muziki wote. Tena hata angani haiko hivyo, kwani miezi hiyo mitatu haijipangi kamwe upande mmoja. Io na Europa zinapokutana, Ganymede iko nyuzi 90 kando. Europa na Ganymede zikikutana, Io iko upande wa pili wa sayari. Kwa hiyo lupu ya Ganymede imesogezwa mapigo 8, robo ya urefu wake, na mrundikano umeisha. Napenda sana kwamba fizikia ndiyo iliyonyoosha muziki hapa.

Besi ya Ganymede ni osileta (vizalishi vya sauti) mbili zenye wimbi la umbo la msumeno kwenye noti A ya 55 Hz, zikiachana kwa senti 7 (senti 100 ni nusu toni). Tofauti hiyo ni 0.22 Hz tu, maana yake kila sekunde 4.5 mawimbi ya msingi yanafutana na besi inapotea. Dawa yake: kata misumeno yote miwili chini ya 110 Hz, kisha weka wimbi moja laini la saini (sine) la 55 Hz katikati, mono (sawa kushoto na kulia), bila kuliachanisha na chochote.

Mwangwi ni wa sekunde 9, ukichelewa milisekunde 80 ili noti isimezwe. Kabla sauti haijaingia humo, ondoa kila kilicho chini ya 250 Hz, la sivyo utapata ukungu. Wakati wa kutoa faili, ongeza sekunde 12 baada ya noti ya mwisho. Programu nyingi hukata mkia pale kipande kinapoishia.

Kinachofuata ni upepo wa jua: kelele nyeupe, filta (kichujio cha sauti) ya desibeli 24 kwa oktava, ikifunguka na kufunga kwa 0.05 Hz, yaani mzunguko mmoja kila sekunde 20. Masta, yaani toleo la mwisho, itafuata, ikilenga −14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani) na kilele kisichozidi −1 dBTP (kipimo cha kilele halisi cha sauti).